Mwenye sahihi hakuwa kikaoni: kisa cha setilaiti za NPOESS, kikisomwa kutoka Bukavu

Wiki chache baada ya maafa ya mafuriko ya Mei 2023 huko Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, muzee mmoja aliyetoka kijiji cha Nyamukubi na wajukuu wawili alikuja kwenye kikao cha vyama vya wakulima hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kazi yangu katika vikao hivyo ni kusoma takwimu za mvua na kuwaeleza wakulima zinasema nini. Siku hiyo nilikuwa nimebandika ukutani picha ya mawingu yaliyokuwa juu ya Ziwa Kivu. Aliitazama kwa muda, halafu akaniuliza:

"Mutoto yangu, ile mashini ya huko juu haikuonaka ile mvua?"

"Iliiona, muzee."

"Iliiona, na sisi tuko sokoni?"

Nilimweleza kwamba kati ya setilaiti na soko la Nyamukubi kuna mnyororo mrefu wa watu na ofisi, na kwamba huku kwetu mnyororo huo umekatika mahali pengi: hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuitazama ile picha usiku, na hakuna njia iliyowekwa ya kumfikishia mkuu wa kijiji habari kabla mto haujashuka. Hayo ni kweli. Lakini sikuwa nimemaliza. Hata juu kabisa kwenye mnyororo, kule setilaiti zinakopangwa na kulipiwa, kulikuwa na kitu kilichovunjika muda mrefu kabla ya mvua ile, mradi wa Marekani wa setilaiti za hali ya hewa uitwao NPOESS, na kilivunjika mezani, kwenye vikao vya watu waliovaa suti. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi tangu siku ile, na nakiandika hapa kwa sababu sijakiona kikielezwa kwa Kiswahili kwa watu wanaoishi chini ya mvua hizi.

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mvua kubwa ilianguka kwenye milima iliyo nyuma ya vijiji, na mito ikashuka ikibeba mawe, miti na tope hadi Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walizikwa, na maelfu hawakuonekana tena. Siku mbili tu kabla, mvua za msimu uleule zilikuwa zimeua watu zaidi ya 130 upande wa Rwanda. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Kalehe: Oktoba 2014 mafuriko yalibomoa mamia ya nyumba katika eneo hilohilo.

Mwezi Juni 2023 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilitoa uchambuzi wake. Kazi ya kundi hilo ni kuuliza, baada ya kila janga, ni kwa kiasi gani mabadiliko ya tabianchi yameliongezea nguvu. Kwa mafuriko ya Pakistani au joto la Ulaya huwa wanatoa jibu. Kwa Ziwa Kivu hawakuweza. Vituo vya kupima mvua ardhini vilikuwa vichache mno, na makadirio ya mvua yaliyotokana na setilaiti hayakupatana yenyewe kwa yenyewe. Moja likisema mvua kubwa imeongezeka, jingine lilisema vingine. Kwa hiyo watu zaidi ya 400 wamekufa, na sayansi haiwezi kusema kama mvua iliyowaua ni ya kawaida au ni mpya. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwa nini makadirio hayapatani? Setilaiti zinazotazama mvua ni za aina mbili. Kuna Meteosat ya Ulaya, iliyosimama juu ya Afrika kwa urefu wa kilomita 36,000, ikipiga picha kila baada ya dakika 15, na sasa kila dakika 10 kwa ile mpya iliyorushwa Desemba 2022. Hiyo huona kilele cha wingu na kupima ubaridi wake. Wingu likiwa na kilele baridi sana, tunakisia kwamba chini yake kuna mvua kubwa. Lakini kwenye milima yetu, upepo wenye unyevu unaopanda mteremko unaweza kumwaga mvua nyingi kutoka kwenye wingu fupi lisilo baridi sana, na Meteosat ikadanganyika. Aina ya pili huzunguka chini, kilomita mia kadhaa tu, na hubeba vyombo vya mawimbi ya maikrowevu. Mawimbi hayo hupenya wingu na kugusa matone yenyewe. Ndiyo yanayokaribia kuona mvua kwa kweli. Ubaya wake ni kwamba setilaiti ya chini hupita tu na kuondoka, kwa hiyo zinahitajika nyingi, zinazopokezana saa kwa saa.

Kisa chenyewe kinahusu hizi za chini.

Tangu TIROS-1 ya Aprili 1960, Marekani ilikuwa imejenga familia mbili za setilaiti za ncha kwa ncha, yaani zinazoizunguka dunia zikipitia ncha ya kaskazini na ya kusini. Moja ilikuwa ya kiraia, chini ya NOAA, idara ya bahari na anga iliyo ndani ya Wizara ya Biashara. Nyingine, DMSP, ilikuwa ya jeshi la anga. Ni nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, kila moja na jiko lake, zote zikipika ugali uleule. Mei 1994 Rais Clinton aliamuru ziunganishwe. Wizara ya Ulinzi na Wizara ya Biashara zingegawana gharama nusu kwa nusu, na NASA ingeleta teknolojia mpya. Mradi ukaitwa NPOESS. Hesabu ya awali ilikuwa setilaiti sita kwa takriban dola bilioni 6.5, na Agosti 2002 mkataba mkuu ulipewa kampuni ya TRW, ambayo muda mfupi baadaye ilinunuliwa na Northrop Grumman.

Siwezi kulilaumu wazo lenyewe. Vita baridi vilikuwa vimekwisha, na kulipia kazi moja mara mbili ni upotevu. Kosa lilianza pale walipochukulia kwamba kwa kuwa wote watatu wanatazama mawingu, basi wanatafuta kitu kimoja. Jeshi lilitaka kujua asubuhi na mapema kama rubani ataona ardhi. NOAA ilitaka vipimo vya joto na unyevu wa mchana vya kulisha kompyuta za utabiri. NASA ilitaka rekodi safi ya miaka mingi ya kufuatilia tabianchi. Mahitaji hayo yote yakapakiwa kwenye chombo kimoja. VIIRS, kamera yenye mikanda 22 ya mawimbi, ilitakiwa kurithi kazi ya vyombo vitatu kwa mpigo, kimoja kutoka kwa kila mmoja wa hao watatu. Ndiyo iliyochelewa na kupandisha gharama kuliko vyote.

Lakini chombo kigumu hakiui mradi. Vyombo vigumu vinachelewa, vinarekebishwa, vinaruka. Kilichoua NPOESS ni namna uamuzi ulivyofanywa, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Mradi uliongozwa na kamati ya wakuu kutoka Ulinzi, Biashara na NASA. Mkataba ulisimamiwa kwa taratibu za ununuzi za jeshi, kwa hiyo mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha mkataba, kuongeza fedha au kusimamisha kazi alikuwa afisa mkuu wa ununuzi wa Wizara ya Ulinzi. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilipoichunguza kamati hiyo na kutoa ripoti mwaka 2009, iliandika kwamba afisa huyo hakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja. Alimtuma mwakilishi kutoka jeshi la anga, ambaye hakuwa na mamlaka hayo. Watu wa NOAA na NASA walikuja, wakajadili, wakakubaliana na mtu asiyeweza kutia sahihi, kisha suala likarudi nyuma kumsubiri ambaye hakuwepo.

Kila aliyewahi kucheza likelemba, mchango wa zamu, anajua maana ya hali hiyo. Mnakaa, mnahesabu, mnapatana nani achukue zamu, na mwenye ufunguo wa sanduku hayupo. Kikao kijacho mnaanza upya. Tofauti ni kwamba pale kila mwezi wa kusubiri uligharimu mamilioni ya dola, kwa sababu wahandisi walilipwa wakiwa kazini na wakiwa wanasubiri.

Mambo mengine yalizidi kuwabana. Tarehe 6 Septemba 2003, kwenye karakana ya Sunnyvale huko California, setilaiti ya mwisho ya familia ya zamani ya NOAA ilikuwa ikigeuzwa kwenye mkokoteni wake ikaanguka sakafuni. Boliti 24 za kuishikilia zilikuwa zimeondolewa na hakuna aliyehakikisha kama zimerudishwa. Kuitengeneza kuligharimu takriban dola milioni 135, na haikurushwa hadi Februari 2009. Yaani kile kilichotegemewa kuziba pengo wakati mradi mpya ukichelewa, nacho kilikuwa kimelala karakanani.

Mwaka 2005 gharama zilivuka mpaka wa kisheria. Marekani ina sheria, iitwayo Nunn-McCurdy, inayosema kwamba mradi wa kijeshi ukipanda zaidi ya asilimia 25 juu ya makadirio lazima ufutwe, au Wizara ya Ulinzi ithibitishe kwamba ni muhimu kwa usalama wa taifa. Kwa kuwa NPOESS ilinunuliwa kwa mkoba wa jeshi, sheria hiyo iliikamata. Juni 2006 matokeo yakatoka: setilaiti nne badala ya sita, gharama dola bilioni 12.5 badala ya 6.5, vyombo 9 badala ya 13, na ya kwanza kurushwa mwaka 2013.

Tuangalie nini kilitupwa. Chombo cha kupima nguvu ya jua inayofika duniani, kile cha kupima joto linaloingia na kutoka, kile cha vumbi na moshi angani, kile cha kupima usawa wa bahari: vyote vya tabianchi. Hakuna aliyesimama kusema havina maana. Ila swali lililoulizwa na sheria lilikuwa moja, kama kitu hiki kinahitajika kwa usalama wa taifa la Marekani, na kwa swali hilo jua na bahari havina wakili. Ikasemwa nafasi kwenye setilaiti itaachwa, idara nyingine ikipata fedha ya kuvijenga ivilete. Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa kisa ulipo. Watu walioamua hawakuwa waovu. Walijibu swali lililokuwa mezani, na meza ilikuwa imewekwa kwenye nyumba ya mmoja.

Kilichotuhusu sisi zaidi kilikuwa CMIS, chombo kikubwa cha maikrowevu cha kuona mvua, unyevu wa udongo na upepo wa baharini. Kilikuwa kizito na cha gharama, kikafutwa, na chombo kidogo zaidi kikaahidiwa kwa setilaiti ya pili, ambayo haikujengwa kamwe. Kazi yake ilikuwa kuendeleza rekodi iliyoanzishwa na setilaiti za DMSP mwaka 1987, rekodi ya mvua ya dunia nzima, pamoja na milima ambayo haijawahi kuwekewa kipima mvua hata kimoja.

Mama anayeuza maharage sokoni Kadutu atalielewa hili upesi kuliko mawaziri. Bei yake inajulikana kwa murongo, kopo lake la kupimia. Ukimnyang'anya murongo leo na kumletea kopo jingine mwaka kesho, bila siku hata moja ya kupima maharage yaleyale kwa vyote viwili, hutajua tena kama bei imepanda au kopo limepungua. Setilaiti ni hivyohivyo. Chombo kipya lazima kiruke wakati cha zamani kingali hai, vilinganishwe, ndipo miaka 30 ya vipimo iwe uzi mmoja. Pengo likitokea, uzi unakatika, na wanasayansi wanabaki kukisia pale walipotaka kusema kwa hakika. Sisemi kwamba CMIS ingewaokoa watu wa Nyamukubi. Hapana. Nasema kwamba jibu walilolikosa wanasayansi mwaka 2023 linahitaji vituo vya ardhini, ambavyo ni deni letu wenyewe, na rekodi ndefu isiyokatika kutoka juu, ambayo ni deni la wale waliokaa kwenye ile kamati.

Mwaka 2009 jopo huru lililoongozwa na Thomas Young lilisema wazi kwamba mradi kwa muundo wake ule una nafasi ndogo mno ya kufaulu. Februari 2010 serikali ya Obama ikauvunja. NOAA ikapewa njia ya setilaiti zinazopita mchana, jeshi likapewa ya alfajiri, na njia ya katikati ya asubuhi ikaachwa kwa setilaiti za Metop za Ulaya. Miaka kumi na sita baada ya kuunganishwa, nyumba mbili zikarudi kuwa mbili.

Kilichowaokoa kilikuwa setilaiti ambayo haikupangwa kuwa mwokozi. NASA ilikuwa imejenga moja ya kujaribia vyombo vipya kabla ya zile kubwa, NPP, iliyotarajiwa kuruka mwaka 2006. Iliruka tarehe 28 Oktoba 2011, ikapewa jina la Suomi NPP kumheshimu Verner Suomi, mwanasayansi mwanzilishi wa setilaiti za hali ya hewa, na NOAA ikaitumia moja kwa moja kwa utabiri wa kila siku kwa sababu haikuwa na kitu kingine kipya. Gari la mafunzo likawa basi la abiria. Ilikusudiwa miaka mitano, ikapita kumi. Ile VIIRS iliyokaribia kuzamisha mradi sasa hupita juu yetu karibu saa saba na nusu usiku na saa saba na nusu mchana, na usiku huona moto wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kama vidoa viwili vyekundu kaskazini mwa ziwa. Nikiiona picha hiyo nawaheshimu wahandisi walioivumilia.

Umuhimu wa setilaiti hizi ulionekana mwaka uliofuata. Kimbunga Sandy kilipoelekea pwani ya Marekani Oktoba 2012, kituo cha utabiri cha Ulaya kilikuwa kimeona siku kadhaa kabla kwamba kitageuka na kupiga nchi kavu. Baadaye kituo hicho kilirudia hesabu bila takwimu za setilaiti za ncha kwa ncha, na utabiri ukakiacha kimbunga baharini. Hata hivyo pengo lilikuwa karibu kiasi kwamba Februari 2013 GAO iliiweka hatari ya kukosa takwimu hizo kwenye orodha yake ya mambo yenye hatari kubwa kwa serikali nzima.

Upande wa raia ulipona, na ulipona kwa sababu ya mpango rahisi sana: mkoba mmoja, mwenye kazi mmoja. NOAA inaeleza inachohitaji na kulipia, NASA inanunua na kurusha kwa niaba yake. NOAA-20 iliruka Novemba 2017, NOAA-21 Novemba 2022, zote zikiwa na VIIRS na vyombo vya kupima joto na unyevu. Ulaya ilikuwa imelielewa hilo mapema. EUMETSAT, shirika lake la setilaiti za hali ya hewa lililoanza mwaka 1986, ina mkataba wake, michango ya nchi wanachama iliyopangwa kwa miaka mingi, na kazi moja.

Lakini urithi haukugawanywa wote. CMIS haikumpata mrithi upande wa raia. Jeshi lilianza mradi wake, nao ukafutwa mwaka 2012. DMSP ya 19 ilirushwa 2014 ikapoteza mawasiliano Februari 2016. Ya 20 ilikuwa imejengwa tayari, imekaa ghalani kwa miaka, Bunge likakataa kuilipia, haikuruka kamwe. Mtu akiniambia kuvunja ndoa ile kulimaliza tatizo, humwonyesha hii ya 20.

Huku kwetu muundo si tofauti sana, kwa udogo wake. METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, liko Kinshasa chini ya wizara ya uchukuzi. INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye kituo chake Mulungu, iko upande wa utafiti. Ulinzi wa raia uko chini ya mambo ya ndani. Mvua ya Kalehe inawahusu wote watatu, na sijaona kikao ambacho mwenye mamlaka ya kutuma onyo ameketi karibu na mwenye picha ya mawingu. Vyama vyetu vimeanza na kidogo: vipima mvua vinavyosomwa kila asubuhi saa moja na wakulima wenyewe, kwenye daftari. Muzee wa Nyamukubi ndiye aliyeomba kimoja kiwekwe mlimani, juu, kule mto unakoanzia, wala si karibu na barabara ambako ni rahisi kufika. Alikuwa sahihi.

Juni 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kutoa kwa umma takwimu za maikrowevu za setilaiti tatu za DMSP zilizobaki, na ilitoa notisi ya siku chache tu. Zilirushwa mwaka 2003, 2006 na 2009, na ni sehemu ya vyanzo vinavyotupatia makadirio ya mvua tunayoyasoma hapa Bukavu. Watabiri wa vimbunga walilalamika kwa nguvu. Tarehe ikasogezwa mwezi mmoja, kisha ikasemwa zitaendelea hadi Septemba 2026. Huku Kivu, Septemba ni mwezi mvua zinaporudi, na watu wanapanda mlimani na mbegu za maharage.